Mhakiki wenu apandishwe meli

Mhariri, gazeti lenu nimeanza kulisoma enzi linafika Mwanza habari zishapoa na sijawahi kuwaandikia hata siku moja. Ila ile makala yenu kuhusu Michiko Kakutani, yule mhakiki wa vitabu wa Marekani, imenishinda. Mmemsifu weee, kaanza kuhakiki vitabu New York Times mwaka 1983, tuzo ya Pulitzer kachukua 1998, kaacha 2017, na mwandishi awe na jina kubwa vipi akiandika hovyo alikuwa anaambiwa. Sawa. Sasa mbona huyo wa kwenu hamkumgusa?

Mwaka jana kahakiki riwaya moja (jina naliacha, mwandishi hana kosa), nikaiagiza Dar, ikaja na basi nikailipia na mzigo juu. Mhakiki kashusha maneno kuhusu mama mkwe katili anayemtesa binti wa watu. Nimesoma mpaka mwisho simuoni, nikahisi labda nimesinzia mahali. Nikampa dada yangu anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, huyo akisubiri wateja anasoma hata karatasi ya kufungia, kuja kunirudishia ananiuliza kaka huyo mama mkwe katili ni yupi, maana niliyemsoma mimi ndo kauza vitenge vyake ili binti amalize shule. Ndo nageuza jalada la nyuma. Yale maneno ya mama mkwe katili yapo pale pale, kayaweka mchapishaji ili kitabu kiuzike, na mhakiki wenu kayazoa yote mpaka na nukta, akaongezea chake kimoja tu, eti kinafaa kwa rika zote. Rika zote na kuna sura nzima ya gesti? Huyu mtu hakufungua kitabu mhariri, na mkamlipa!

Jirani zetu hapo kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza kamaliza riwaya yake kwa Kikerewe 1945, kaitafsiri mwenyewe Kiswahili, kuja kutoka kitabu ni 1980, na 1981 akafariki. Miaka 35 mswada unasubiri msomaji. Huyu wenu kaletewa kimeshachapwa, anakiona kizito.

Na tukiwa hapo hapo, ukurasa wa vitabu mmeukata nusu mkaweka mikeka ya kubeti, kwanini? Huku mjini ukiingia duka la vitabu ukaulizia riwaya unaonyeshwa kaunta buku na mitihani ya darasa la saba, muuzaji anakukodolea kama umeomba nyama kwa kinyozi. Atajuaje cha kuleta kama wa kumwambia hasomi?

Ushauri wangu, mpakieni meli ya Nansio, kule Ukerewe, na kitabu kimoja tu, kile cha juzi alichokiita hazina ya taifa, simu aiache kwenu ofisini. Akifika gatini dada yangu atakuwepo amuulize maswali matatu, hata mawili. Nauli ya kwenda nalipa mimi. Ya kurudi tutaangalia majibu.

Msomaji wenu, Kirumba, Mwanza