Barua kwa Mama Neema aliyeko Seattle

Igoma, Mwanza
Oktoba 2024

Mpendwa Mama Neema,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku tu wazima, watoto wanasoma, dagaa pale Mwaloni wamepanda bei tena.

Nimefurahi mno kusikia kliniki imekupa kazi ya kuwahoji wakimbizi wapya kwa ile fomu ya maswali 15 ya kupima hali ya akili (RHS-15). Mwaka huu wa 2024 Wakongomani ndio waliokuwa wengi kuliko wote waliopokelewa Marekani, na wengi wao Kiswahili ndiyo lugha yao. Wamebahatika kukukuta wewe.

Umeniuliza uanzie wapi, maana mtu akisikia habari za akili anadhani ameshaitwa kichaa. Anza na mwili, dada. Fomu yenyewe imeanza hivyo hivyo, na maumivu ya misuli, mifupa na viungo. Hakuna anayeona aibu kusema mgongo unamuuma. Kaa naye hapo kwanza, umuulize na usingizi wake hata kama fomu haiutaji. Mengine, mawazo mengi, kulia ovyo, kushtuka, moyo kwenda mbio akikumbushwa yaliyompata, yatafuata.

Na kabla ya swali la kwanza mweleze kwamba majibu yake hayagusi karatasi zake, hayamrudishi kambini, wala hayafiki kwa mchungaji wake. Mume asubiri nje. Binti asiwe mkalimani wa mama yake, hata kama Kiingereza chake kimenyooka. Mama gani atasema mbele ya mwanawe kwamba amechoka kuishi?

Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa kuwa fomu hiyo haina swali la kujiua. Mtu akilidokeza, hata kwa kuzungukazunguka, usilipunguze makali. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kisha umfikishie daktari maneno yake kama alivyoyasema, siku hiyo hiyo, kabla hajatoka kliniki. Kumwuliza si kumtia wazo hilo kichwani. Wagonjwa wangu wengi walishusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza.

Fomu pia haimtaki mtu asimulie alitendewa nini, nawe usimchimbe. Aliyekimbia Kivu Kusini huko Kongo akaishia kambi ya Nyarugusu amekwisha kuwasimulia maofisa hadi amechoka. Akitaka mwenyewe kusema, msikilize.

Hesabu unaijua: alama 12 na kuendelea kwenye maswali 14 ya kwanza, au 5 na kuendelea kwenye kile kipimo cha dhiki cha 0 hadi 10 mwishoni, apelekwe kwa mtaalamu. Alama hizo hazimpi mtu jina la ugonjwa. Zinasema tu huyu asiachwe aende hivi hivi.

Ila mimi linalonikosesha raha ni aliyepata alama ndogo. Unakumbuka kivuko cha MV Nyerere kilipozama pale kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220? Wiki zile za mwanzo wafiwa walikuwa wamezungukwa na ndugu, kuna kuzika, kuna kupika, kuna viongozi wanakuja. Ungewapa fomu wangejibu wako sawa. Walianza kuja kwetu miezi baadaye, mmoja kichwa, mwingine tumbo, mwingine hawezi tena kupanda kivuko, na vipimo vyote safi. Mgeni wako ni hivyo hivyo. Anashuka kwenye ndege na furaha ya kufika, nyumba, shule ya watoto. Kisha zinakuja bili, baridi, simu kutoka kambini kwamba bibi amefariki na hawezi kwenda kuzika. Hapo ndipo anapozama, na fomu yake ilishafungiwa kabatini zamani.

Kwa hiyo waombe wakubwa wako wageni hao waulizwe tena baada ya miezi sita, na tena mwaka ukitimia. Wakisema hakuna fedha, omba angalau upige simu. Na usimpeleke mtu kwa mshauri kwa kumpa kikaratasi chenye anwani. Mtu hajui basi gani apande. Nenda naye mara ya kwanza. Akina mama wakipata mahali pa kukutana, washone, wapike, wazungumze, hiyo nayo ni tiba, nami nimeiona ikifanya kazi kuliko vidonge kwa baadhi yao.

Ukijibu niambie: hapo kwenu kuna mshauri anayesema Kiswahili, au wote wanapitia kwa mkalimani wa simu? Na wanasubiri foleni wiki ngapi? Nataka kujua kabla sijakuandikia habari za wale wanaokataa kabisa kwenda.

Wako akupendaye,
Mama Juma