Usiifungue hiyo pampu kwanza

Urambo, Tabora

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Watoto hawajambo, mama yao anakusalimu, na tumbaku imeshatoka mabanini. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Ujumbe wako wa trekta la marehemu mzee wako, Massey Ferguson 135 kama langu, nimeusoma nikaurudia. Umesema starta inazungusha vizuri, ekzosi haitoi moshi hata kidogo, na fundi wa hapo Kasulu ameshaamua kwamba pampu ya dizeli imekufa. Anataka uifungue umpe aende nayo mjini. Nakuomba sana, kaka, usiifungue. Injini inayozunguka bila kutoa moshi wowote haipati dizeli, na kati ya tenki na ile pampu kuna vitu vingi vinavyoweza kuizuia. Massey 135 niliyoinunua kwa mkulima mmoja wa huku ilihukumiwa hivyohivyo, na leo inalima kwa pampu ileile iliyokuja nayo.

Anzia kwenye tenki. Liko juu ya injini, chini ya boneti, kwa hiyo dizeli inashuka kwa uzito wake wenyewe. Chomoa paipu inayoingia kwenye pampu ndogo, ile yenye kijiti cha kupampu kwa mkono, kisha ufungue koki. Dizeli inatakiwa itiririke bila kusita. Ikidondoka matone, ugonjwa umeshauona na bado hujafika popote karibu na pampu kubwa, ile ya dizeli anayoilaumu fundi. Yangu ilidondoka matone. Nilikinga beseni jeupe nikamwaga kilichobaki ndani ya tenki: kwanza ikaja dizeli iliyogeuka rangi ya chai, halafu maji, halafu ute mweusi mzito kama uji wa ulezi uliolala. Ute huo una uhai. Tenki likikaa nusu, hewa ya ndani inapata joto mchana na kupoa usiku, unyevu unageuka maji, na maji yanazama chini ya dizeli kwa sababu ni mazito zaidi. Hapo maji na dizeli vinapokutana vijidudu huzaliana, hula dizeli na kuacha utelezi huo. Chuma nacho kinaendelea kuoza kwa ndani. Trekta la mzee limekaa chini ya mwembe masika baada ya masika, kwa hiyo usitegemee kukuta tofauti.

Lishushe tenki kabisa. Tia maji ya moto na sabuni ya unga, tumbukiza kipande cha mnyororo mwembamba, mtafute kijana mwenye nguvu mlitikise mpaka maji yatoke safi. Kutu iliyoshika sana ilazwe na siki, kisha suuza tena. Lianike jua kali, na kabla ya kulirudisha lisukutue kwa dizeli kidogo uimwage. Koki pia ichomoe, maana juu yake, ndani ya tenki, kuna kichujio cha waya ambacho mafundi wengi hawakikumbuki. Kama tenki lina tundu, mchomeleaji asiliguse mpaka lioshwe vizuri kabisa: mvuke uliobaki ndani ya tenki tupu unaweza kulipuka. Angalia na kifuniko. Kile kitundu chake cha kupumulia kikiziba, trekta litawaka, litafanya kazi kidogo, kisha litazima lenyewe, na watu watailaumu pampu tena.

Pampu ndogo ndani yake kuna kiwambo cha mpira, na mpira ukikaa mkavu muda mrefu hupasuka. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya injini. Ukikuta oili imepanda na inanuka dizeli, kiwambo kinavujisha kuelekea chini. Usiwashe injini na oili hiyo, imwage. Na ukipampu kwa mkono ukaona kijiti hakina nguvu yoyote, usiseme kimekufa: huenda kamu ya injini, kile kinundu kinachoisukuma pampu hiyo, imesimama mahali inapoikandamiza pampu. Izungushe injini kidogo tu, ujaribu tena.

Filta weka mpya, pamoja na mipira yake yote. Usikubali ile ya zamani ioshwe kwa petroli irudishwe, hata aape anayeiosha. Nitakueleza kwa nini nina msimamo mkali hapa. Pampu kubwa, ya kampuni ya CAV, iliyo kwenye injini hizi za Perkins za silinda 3 haina oili yake; kinachoilainisha ni dizeli inayopita ndani yake. Vyuma vyake vimesagwa vikakaribiana kiasi kwamba hakuna sili kati yao. Tone la maji au chembe ya kutu ikipita filta, inachora chuma hicho, na mchoro huo haufutiki. Ndiyo maana nasema mtu anayefunga pampu mpya kwenye tenki chafu anazitupa hela zake, na pampu mpya itakufa vilevile.

Sasa kutoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli, na hapa usiharakishe. Tumia spana za inchi, kwa sababu trekta hizi zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, na spana za milimita zitazila kona nati zake. Hakikisha kitufe cha kuzimia kimerudi ndani, kisha vuta wenzo wa mafuta mpaka mwisho. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, funga. Nenda kwenye pampu kubwa: kuna skrubu moja ubavuni na nyingine juu, kwenye kava la gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini. Legeza zote mbili, pampu, ya ubavuni ikitoka bila povu uifunge kwanza, kisha ya juu. Mwisho legeza nati za paipu kwenye nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, usizitoe, mtu apige starta. Utaona povu, kisha dizeli inaruka kwa vipigo. Zikaze moja baada ya nyingine. Mara nyingi injini inaanza kukohoa kabla hujamaliza ya mwisho, inatoa moshi mweupe, halafu inashika. Ile sauti siwezi kukuandikia. Mzee mwenye shamba jirani aliposikia ya kwangu alikuja kwa miguu mpaka uani, akasimama na mkono juu ya boneti.

Ila usiweke kiganja mbele ya nozeli iliyo wazi kuona kama inapuliza. Presha yake inatoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo.

Ukiyafanya haya yote na dizeli ikafika safi mpaka kwenye pampu kubwa, lakini kwenye nozeli isitoke kitu, hapo fundi wako atakuwa na hoja. Na akiifungua, aipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kupimia, asiitawanye juu ya gunia.

Unajua huku Urambo tunavyokumbuka habari za matrekta. Wakoloni walipoleta mradi wao wa karanga mwaka 1947 walileta mitambo iliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umefutwa. Sababu zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwemo, lakini mitambo iliyochoka isiyo na vipuri ilikuwa mojawapo. Trekta la mzee halijafika huko. Vipuri vya 135 bado vinapatikana, na injini yake wewe mwenyewe unaijua: ililima mashamba ya ukoo wenu wote na kukubebea mahindi ya ada.

Nimekufungia filta na washa za shaba za kutosha paipu zote, maana za zamani zikishakazwa mara moja hazizibi tena vizuri, na mahali panapopitisha upepo pampu itavuta upepo. Mzigo nautuma kwa treni ya Kigoma, jina lako liko juu ya boksi. Kiwambo cha pampu ndogo sijaweka, kwa sababu ziko za aina zaidi ya moja. Nipigie picha ya pampu yenyewe kwa karibu, upande wenye skrubu za kava, nikutafutie inayofanana. Na mwambie fundi asubiri mpaka tenki lishuke.

Ni mimi rafiki yako,
wa Urambo