Barua kwa maafisa vijana wa Mambo ya Nje, Mtumba

Wajukuu zangu, mbukwenyi!

Nawaona asubuhi mkishuka kwenye daladala na majalada kwapani, nami mzee mstaafu nafurahi kwamba kazi hiyo sasa inafanyika hapa kwetu Dodoma. Ila nina neno, kabla hamjavizoea viti.

Akili haipokei habari kama debe linavyopokea mtama. Inachagua. Ikishashika jambo, habari inayokubaliana nalo inaingia bila hodi. Inayolipinga inahojiwa mpaka inachoka. Nilipokuwa kijana kule Bahi tuliibiwa ng'ombe. Mwaka uliofuata akaja mgeni jioni, fimbo begani, akichungulia mazizi. Tukamfunga kamba. Akinyamaza, tunasema anaficha. Akijieleza, tunasema kajipanga. Kumbe anatafuta ndama wake wawili. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Sasa mtazameni Anthony Eden wa Uingereza. Mwaka 1938 aliacha uwaziri wa mambo ya nje kwa kupinga jinsi Mussolini, dikteta wa Italia, alivyokuwa akibembelezwa, na vita vilivyofuata vikamthibitisha. Rais Nasser wa Misri alipotaifisha Mfereji wa Suez Julai 1956, Eden, sasa Waziri Mkuu, akamwona Mussolini amerudi kwa sura nyingine. Akaingia vitani pamoja na Ufaransa na Israeli. Marekani ikamkatalia, paundi ikayumba, majeshi yakaondoka, na Januari 1957 akajiuzulu. Hakuwa mjinga. Kilichomponza ni kwamba safari ya kwanza alikuwa sahihi. Ndiyo maana nawahofia ninyi mliosoma sana historia.

Rais Kennedy wa Marekani, baada ya jaribio la kuivamia Cuba kumshinda mwaka 1961, alijirekebisha. Makombora ya Wasovieti yalipogunduliwa huko Oktoba 1962, vikao vingine hakuhudhuria kwa makusudi, washauri wabishane bila kumwangalia yeye usoni. Kwetu mdogo humsubiri mkubwa aseme. Ni heshima, na naipenda, lakini kikaoni inaficha mengi.

Basi nawaomba: dokezo lisipande kwa mkurugenzi kabla hujaandika chini yake mstari mmoja, kwamba habari gani ikija kesho itakufanya ubadili ushauri huo. Ukikosa cha kuandika, lirudishe mezani, ulisome upya. Na kikaoni, aliyeajiriwa juzi aanze kusema.

Babu yenu, Dodoma