Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Makaburi, Kibao na Kengele ya Frere Town

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama,

Mwaka jana niliwaahidi mambo matatu: makaburi yafyekwe, kibao cha jina la mahali hapa kisimame, wazee warekodiwe. Makaburi tumeyafyeka. Kibao bado. Wazee tumewafikia wachache, na wawili waliokuwa kwenye orodha wametutoka kabla hatujabisha hodi. Msimlaumu katibu. Siku nilizipanga mimi, na nilizipanga vibaya.

Kibao hakikukwama kwa fedha. Tumebishana vikao vitatu juu ya jina. Kuna wanaotaka kiandikwe Kisauni, kwa kuwa ardhi ilikuwa na jina lake kabla CMS, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, haijaweka makazi hapa mwaka 1875 na kuyaita kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kukomesha biashara ya watumwa. Kuna wanaosema bila Frere Town sisi hatuna asili. Mimi nataka yote mawili, na sababu yangu niliiona makaburini.

Siku ya kufyeka tulikuta msalaba wa saruji umelala kifudifudi. Mama mmoja mwanachama aliuinua, akausugua kwa kifuu, akapitisha kipande cha mkaa juu ya herufi. Likatokea jina la Kiingereza, na chini yake la Kiyao. Mama akaketi palepale kwenye nyasi. Aliyelala pale alikuwa babu wa mama yake, na kwao siku zote walisimuliwa kwamba alizikwa Rabai, kituo kingine cha misheni.

Majina yetu ndivyo yalivyo. Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa Unguja, manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi, na waliookolewa wakahitaji pa kuwekwa. Wayao, Wanyasa na Wamakua wakateremshwa huku bara, mkabala na Bandari ya Kale ya Mombasa. Walikuta Waafrika waliolelewa Nasik, India, ambao nao waliokolewa baharini utotoni. Wawili kati ya hao wa India, William Jones na Ishmael Semler, waliwekwa kuwa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, miezi michache kabla askofu hajauawa Busoga, Uganda.

Kuhusu kengele ya misheni, vijana wetu huwaambia wageni kwamba ilipigwa kuwaonya watu wavamizi wanapokuja. Sawa, maana watumwa watoro walikimbilia misheni na mabwana zao wa Mombasa walitishia kuwafuata. Mwaka 1889 IBEA, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikisimamia pwani, iliwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro wapatao 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine. Lakini tusisimulie nusu. Ndani ya misheni hiyohiyo watu walioitwa huru walichapwa viboko, mpaka mwaka 1881 ikabidi jambo lichunguzwe. Nimeomba kamati iliweke hilo kwenye maelezo ya wageni. Mjumbe mmoja alisema tunajichafua. Sikubaliani naye: waliochapwa ni babu zetu.

Hakuna siku iliyotangazwa kwamba mji huu umekwisha. Reli ilichukua vijana. Chuo cha theolojia kilichoanzia hapa mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930. Mwaka uliofuata likaja daraja la kuelea la Nyali, kisha hili la sasa mwaka 1980, na kisiwa kikavuka maji kikatufuata. Mashamba yakawa ploti, ploti zikawa ghorofa. Leo makanga anaita “Kengeleni! Kengeleni!” huku mgongo wake umeielekea kengele yenyewe.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Langu ni moja tu: wanachama walio Nairobi na ughaibuni wamelipa ada kwa uaminifu kuliko sisi tunaoweza kuja kikaoni kwa miguu.

Mkutano mkuu utapiga kura juu ya kibao, na safari hii hatuondoki bila jibu. Wenye picha za zamani wazilete. Tutazipiga nakala na kuwarudishia papo hapo, hakuna picha itakayolala kwangu. Waliobaki kwenye orodha ya kurekodiwa tutaanza na mwenye umri mkubwa kuliko wote, si na anayekaa karibu na barabara kama tulivyofanya mwaka huu.

Makaburi tutayafyeka tena baada ya masika. Panga zangu mbili hazijarudi tangu siku ile. Aliyenazo aje nazo.