Ngazi Ndiyo Iliyomshusha

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mgongo wa Mama bado unamsumbua.

Ile filamu bubu nimeimaliza jana usiku: Downhill, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock, mwaka 1927. Nilianza kwa kucheka. Ivor Novello anacheza mwanafunzi, Roddy, na filamu ilipotoka alikuwa na miaka 34! Baba mzima, ati nahodha wa raga wa shule.

Kicheko kikaisha mapema. Roddy anasingiziwa na msichana wa duka la keki kwamba ndiye aliyemharibu. Mwenye kosa ni rafiki yake Tim, lakini Tim akifukuzwa, Chuo Kikuu cha Oxford hana tena. Roddy anafunga mdomo. Shule inamfukuza, na baba yake anamwita mwongo.

Akitoka hapo anateremka kwa ngazi za umeme za kituo cha treni cha Maida Vale, London, ametupa mgongo, anazidi kuwa mdogo. Hitchcock mwenyewe baadaye aliiona picha hiyo ya kitoto. Mimi naitetea. Mwangalie vizuri: amesimama tu, ngazi ndiyo inayomshusha.

Halafu kuna hii, shoga yangu, nimeirudia mara tatu. Roddy kavaa suti ya jioni, nadhifu, anatabasamu. Nikasema afadhali, mambo yamemnyookea. Kamera inarudi nyuma, kumbe ni mhudumu wa hoteli. Wateja wanainuka kwenda kucheza, naye anatia kikasha chao cha sigara mfukoni. Mwizi! Kamera inasogea tena, kumbe wote wako jukwaani, ni mchezo wa kuigiza. Mara mbili nimemhukumu, mara mbili nimeumbuka, na hakuna aliyetamka neno.

Baadaye anarithi pauni 30,000, anaoa mwigizaji, mke anazimaliza zote. Huyo Paris, anacheza dansi na wanawake kwa malipo. Kukicha, pazia linafunguliwa, jua linawapiga wale wacheza dansi usoni. Usiku walikuwa wazuri. Sasa poda imepasuka, macho yamevimba, na Roddy anaona aliokuwa nao.

Mwisho anarudi nyumbani hoi kwa homa, na baba, ambaye ameshaujua ukweli, ndiye anayeomba msamaha. Baba nimemsamehe.

Itazame, uniandikie kama wewe utaweza kumsamehe Tim. Mimi nimeshindwa.

Wako,
Rehema