Zifukueni Zile Njumu: Barua kwa Vijana wa Karakana Yetu

Wanangu, watoto wa ndugu zangu, na nyinyi wajukuu mliokwishashika koleo,

Assalaam aleykum. Nilipita karakanani juzi, hamkuwepo. Nikenda uani kutafuta kivuli, fimbo ikazama kwenye udongo mbichi, ikagonga shaba. Nikafukua. Njumu thelathini na kitu, vile vichwa vya shaba vya kupambia milango, mlizozisubu mwezi huu huu, mmezizika na chumvi na siki ziote kutu ya kijani. Jioni nikapata habari kuwa nyengine ziko dukani Mji Mkongwe, zinauzwa kwa jina la njumu za mlango wa enzi za Sayyid Barghash.

Hasira nimeshazimeza. Naandika kwa kuwa naona hamjui mnachokiuza.

Babu yangu hakurithi kazi hii. Alikuwa mvuta mivukuto wa fundi wa Kihindi, mtu wa Kutch, pale Malindi ya Mji Mkongwe. Kugusa kalibu hakuruhusiwa. Aliiba ufundi kwa macho. Alimwona fundi akiuchota mchanga wa kalibu uliorowa kidogo, anaufumbata, anaukata kati kwa vidole. Ukikatika safi, unafaa. Ukimomonyoka, unataka udongo zaidi. Ukiacha maji kiganjani, ngoja, maana shaba ya moto ikikutana na maji inaruka juu. Baba alikuwa na kovu kwenye muundi lililomfunza hilo.

Mwaka 1964 fundi alisafiri, akamwachia babu sanduku la mifano ya msaji, ya kuchapia umbo mchangani: njumu za saizi tano, komeo, pete za milango, kengele moja. Hilo sanduku ndilo karakana. Mivukuto tumebadilisha, paa tumebadilisha, hata makaa ya vifuu mmeyaacha, lakini njumu mnazozika zimetoka kwenye mifano ile ile. Hazihitaji kuvishwa sanda ili ziwe na asili.

(Na ile hadithi ya njumu za kuzuia tembo, waachieni watembeza wageni. Bara Hindi sawa, lakini Unguja tembo gani?)

Babu alinifunza kutia zinki, ile inayoigeuza shaba nyekundu kuwa ya manjano, mwisho, vipande vidogo vidogo. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na shaba nyekundu haiyeyuki mpaka ifike 1,085; ukiitia kizembe inapanda yote moshi mweupe, na usiku unatetemeka kwa homa. Bibi alikuwa akimpa maziwa, kesho yake yuko kazini. Miaka ya shida tulisubu sufuria za alumini, njumu hakuna aliyezitaka. Mji Mkongwe ulipoingia urithi wa dunia mwaka 2000, milango ikaanza kutengenezwa tena, nasi tukalirudia sanduku.

Sasa niwaambie nililowaficha.

Nilikuwa na miaka 22. Mtu wa Mkoani, kule Pemba, alituagiza rafadha ya mashua yake. Shaba ilipungua, baba hayupo, nami nikatumbukiza mabodi mawili ya kabureta, karibu zinki tupu. Ikamiminika vizuri, nikaipiga tupa, ikang'aa kuliko zote nilizowahi kusubu. Wiki ya tatu bawa moja likakatika kwenye mkondo wa Pemba, usiku, na ndani mna watu tisa na magunia ya karafuu. Walielea mpaka alfajiri, wakavutwa na wavuvi. Mwenye mashua alipokuja kulalamika nilimwambia amegonga mwamba. Akaamini, akaagiza nyengine, akalipa tena.

Baba alirudi, akaliomba lile pande la rafadha iliyokatika. Akalivunja kwa nyundo, akaniwekea kipande kiganjani. Punje kubwa, za kijivu, kama chumvi ya mawe: zinki imezidi. Hakusema kitu. Kesho yake tulipanda mashua mimi na yeye, tukenda Mkoani, nikasema kwa mdomo wangu mbele ya mtu yule na wanawe. Fedha nilizirudisha kwa misimu miwili.

Mtasema mgeni hajui, na mashua haizami kwa njumu. Mwenye mashua naye hakujua. Mtasema ada za watoto. Najua, ya kale inalipa mara nne, nami sina cha kuwafidia. Lakini mafundi wa milango wanaulizana, na siku mmoja wao atakapoigeuza njumu yenu na kuona alama ya tupa ya juzi, hatawatafuta nyinyi. Atasema ni karakana ya fulani, na fulani ni babu yangu.

Wauzieni kama mpya. Chini ya kila moja pigeni alama yetu na mwaka. Anayeuliza, mwonesheni sanduku, mwacheni aushike ule mfano uliolika pembeni kwa mikono ya watu wanne.

Nitakuja Jumamosi baada ya alasiri. Zilizo uani zifukueni kabla sijafika, na za dukani mkazichukue. Ndimu na majivu nitakuja navyo mwenyewe. Nyinyi tafuteni matambara.

Ami yenu