Harambee ya kufungulia maji: tusaidieni kurudisha mikoko ya hori letu, Bagamoyo

Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zetu wa Bagamoyo, mlioko hapa na mlioko Dar es Salaam, Unguja na mbali zaidi: kikundi chetu cha wavuvi na akina mama waokota kaa kinawaomba shilingi 3,000,000 za kurudisha mikoko kwenye hekta 3 za mashamba ya chumvi yaliyoachwa kando ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Tunaita harambee ya mikoko, lakini tuseme mapema: sehemu kubwa ya fedha hizi haitagusa mche. Itakwenda kwenye majembe, sepetu, makarai na ujira wa wachimbaji.

Kupanda mikoko kumezoeleka kuwa ni kuchomeka vijiti kwenye tope, kupiga picha na kurudi nyumbani. Mwaka ukipita, hakuna kitu. Mara nyingi tatizo si mche, ni maji. Tuta la shamba la chumvi huzuia bamvua, yale maji makuu ya bahari, lisiingie, na maji machache yaliyobaki ndani hukaushwa na jua, chumvi ikabaki. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Ndani ya jaruba, yaani shamba la chumvi lililozungushiwa tuta, kiwango hicho hupanda mara kadhaa. Hata mchu, aina ya mikoko iliyo mvumilivu kuliko wenzake wote, hudumaa chumvi ikizidi sana mara mbili ya ile ya bahari. Tena tope la mikoko lina kiberiti, ndiyo ile harufu ya yai viza. Likikaa chini ya maji halidhuru. Likikauka na kupasuka, hewa huingia kwenye nyufa, kiberiti hugeuka tindikali, na mizizi michanga huungua. Kupanda miche mahali kama hapo ni kuizika.

Kwa hiyo tunaanza na kuchimba. Tuta letu lina kimo cha mita 1, upana wa mita 3 chini na mita 1 juu. Tutalikata mahali 4, kila pengo mita 6. Hizo ni mita za ujazo 48. Ndani yake tutafufua mkondo wa zamani, ambao bado unaonekana kama bonde jembamba la tope jeusi: urefu mita 180, upana mita 1.5, kina mita 0.6, yaani mita za ujazo 162. Jumla 210. Mtu mmoja mwenye sepetu na karai hutoa mita 2 za ujazo kwa siku, kwa kuwa tope la hori ni zito na linanata. Zinapatikana siku 105 za kazi.

Mpangilio ni muhimu kuliko nguvu. Mfereji huchimbwa kwanza, mapengo hukatwa mwisho. Ukitanguliza mapengo, bamvua litaingia lisipate pa kutokea, jaruba ligeuke dimbwi, na maji yaliyotuama huua mkoko sawasawa na ukame. Kazi itafanyika siku za maji mafu, wakati maji hayafiki juu na tope linabeba mguu. Udongo unaotolewa utasambazwa juu ya tuta lenyewe, kamwe si chini ya michu iliyosalia. Tazama chini ya mchu maji yakiwa yamekupwa: mamia ya mizizi myembamba imesimama wima, urefu wa kidole au shibiri, yenye vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Hayo ndiyo mapua ya mti, maana tope lenyewe halina hewa. Ukiyafunika kwa udongo au mchanga, mti hukauka umesimama, bila kuguswa na panga.

Tunataka mfereji uwe tayari kabla ya masika. Mvua ya Machi hadi Mei itaosha chumvi, nasi tutatazama maji yanafika wapi na yanatuama wapi. Mbegu nyingi zitaletwa na bahari yenyewe. Tutapanda hekta 1 tu, sehemu za juu ambako mbegu hazifiki kwa urahisi: miche 2,500 kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, na mingine 500 ya kujazia itakayokufa.

Kila aina ya mikoko ina kimo chake cha maji, na hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Mlilana husimama mbele kabisa, ukitazama bahari. Mkoko, ule wenye mizizi ya matao, hupenda kingo za mikondo. Nyuma yake ni msinzi na mkandaa, kisha mchu, ambao huonekana pia mbele kwenye mchanga mpya. Mkomafi na msikundazi hukaa juu, palipo na maji baridi yanayochuruzika kutoka nchi kavu. Watu huchagua mkoko kwa sababu mbegu yake ni rahisi, wakaupanda ufukweni mahali pa mlilana. Mawimbi huung'oa, au viumbe vidogo vya ganda gumu huganda kwenye shina mpaka likainama. Sisi tutapima kimo cha ardhi kwa mpira wa maji wa mita 20 na vigingi, tukilinganisha na miti iliyosalia upande wa pili wa hori.

Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Hutoa mche mrefu wa kijani unaoning'inia kama ganda la mlonge, sentimita 30 hadi 60. Ukikomaa, hutokea pete ya njano pale unapoachana na tunda. Ambao haujatoa pete usichumwe. Huchomekwa theluthi ya urefu wake, ncha chini, na upande uliokuwa umeshika tunda juu. Wenye matundu ya wadudu hutupwa. Mchu ni kazi nyingine: mbegu hulowekwa siku moja hadi ganda litoke, kisha hupandwa kitaluni juujuu tu, ndani ya viriba vya tope la palepale, chini ya kivuli cha makuti. Ukizikwa chini sana huoza. Kaa nao hupenda miche michanga, kwa hiyo mchu utakaa kitaluni miezi kadhaa mpaka shina ligeuke gumu. Kaa hao tusiwachukie. Mashimo yao huingiza hewa kwenye tope, na majani wanayovuta chini ndiyo mbolea ya msitu mzima.

Faida yake mnaijua kwa macho. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe wetu ni vyembamba, mita 3 hivi, kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuzidi hapo. Mataruma, yaani mbavu za mashua, yametoka kwenye miti hii. Kamba wa ukanda huu, kutoka Ruvu hadi Wami na Saadani, hutaga baharini, lakini watoto wao huingia kwenye mahori kukulia kati ya mizizi kabla ya kurudi kwenye kina. Hori likifungwa, mtego wa mvuvi aliye mbali na hapa nao hupungukiwa. Na kuhusu mawimbi, vipimo vya nchi mbalimbali vinaonyesha kwamba ukanda wa mikoko wa mita 100 hupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea unene wake. Wenye nyumba na minazi kando ya ufuko wanaelewa maana yake.

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, kwa hiyo hakuna jembe litakaloingia kabla ya kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na ridhaa ya serikali ya mtaa.

Hesabu ni hii. Uchimbaji, siku 105 kwa shilingi 15,000: 1,575,000. Sepetu, majembe, makarai, mabuti na mpira wa kupimia: 525,000. Kitalu, pamoja na viriba, makuti na uzio: 640,000. Mtumbwi wa ulinzi na kuhesabu miche, shilingi 40,000 kwa mwezi kwa miezi 24: 960,000. Jumla 3,700,000. Wanakikundi tumekwisha kuchanga 700,000, na kupanda tutapanda wenyewe bila malipo. Tafadhali msituombe tupunguze ile miezi 24. Miche hufa zaidi mwaka wa kwanza, na asiyehesabu hajui ilipokufia.

Shilingi 15,000 yako ni siku moja ya mchimbaji. Michango ipelekwe kwa mweka hazina wetu katika ofisi ya serikali ya mtaa, ambako utapewa stakabadhi; daftari liko wazi kwa yeyote atakaye kulisoma, na idadi ya miche hai itabandikwa ubaoni kila baada ya miezi 3. Asiye na fedha atakaribishwa siku za kuchimba. Aje na sepetu, kofia, maji ya kunywa na viatu vya kufunga kamba, maana ndala hubaki kwenye tope.